Sura ya Nne: Daftari la Msiba na Vitabu Vingine

Mwaka 1903, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kuhusu maisha ya watu wa pwani ya Mrima: jinsi mimba inavyolelewa, mtoto anavyopewa jina, anavyopelekwa chuoni, anavyoingia jandoni, anavyooa, anavyokopa na kulipa, anavyougua na anavyozikwa. Kiliitwa *Desturi za Wasuaheli*. Jina lililowekwa mbele ni la mkusanyaji, Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa gavana wa Kijerumani Afrika Mashariki kabla ya kurudi Berlin kufundisha Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu hicho, alikaa nyuma ya pazia.

Kwa fikra za wakati ule hapakuwa na ubaya wowote. Mwenyeji ni kisima, mgeni ndiye mteka maji, na maji yakishatekwa huitwa kwa jina la mwenye ndoo. Kinachonikera ni kwamba fikra hizo hazijafa. Mwanafunzi wa chuo kikuu akienda kijijini na kinasa sauti, bibi anayemsimulia kutwa nzima ataandikwa kuwa ni mtoa taarifa, na yule kijana, asiyejua hata vuli huanza lini pale, ndiye mtafiti. Sura hii iko upande wa bibi. Mtu anayesimulia maisha ya kila siku kwa makini, mbele ya watu wanaoyajua maisha hayo, huwa amejiuliza, amechagua, amelinganisha, amepanga, na yuko tayari kusahihishwa. Sijui utafiti unahitaji nini zaidi ya hapo. Usanii wake nao, ile namna ya kukawiza jambo, kuiga sauti za watu, kuruka hapa na kuganda pale, ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu huyafikia mambo ambayo hojaji huyapita bila kuyaona.

Mtoro alizaliwa mnamo 1869, Bagamoyo ikiwa bado ndiyo mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji. Alisoma dini akawa mwalimu. Akiwa kijana aliona vita vya Abushiri, akaona Wajerumani wakiufanya mji wake makao makuu ya koloni, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na alikuwa huko kitabu kilipotoka.

Tazama kazi aliyoifanya. Amkio, kwa mfano, ni jambo ambalo hakuna mtu wa pwani anayelifikiria. Limo mdomoni tangu utotoni. Ukitaka kulieleza kwenye karatasi inabidi ujiulize maswali ambayo hujawahi kuulizwa: nani anaanza, nani anashika mkono wa nani, mtumwa anamwamkiaje bwana wake, mke anamwamkiaje mkwe, na asiyeamkia anahesabiwa nini. Mtoro alijiuliza maswali ya namna hiyo juu ya mambo chungu nzima. Hasemi tu kwamba mtoto akihitimu Kurani mwalimu hupewa kitu; anahesabu malipo. Hasemi tu kwamba watu hucheza ngoma. Anazitenga ngoma, hii ya nani na ile ya nani. Ndiyo maana J. W. T. Allen alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1981, alimtaja Mtoro kama mwandishi na si kama kisima.

Maisha yake mwenyewe hayamo kitabuni, nayo yangetosha kitabu kingine. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na hilo likamharibia kazi yake seminari. Mwaka uliofuata wawili hao walisafiri kurudi pwani. Wakuu wa serikali ya koloni hawakuwaruhusu kushuka Dar es Salaam, wakarudishwa Ulaya. Mtu aliyeandika jinsi mgeni anavyopokelewa Mrima alizuiwa asikanyage Mrima. Akafanya kazi Hamburg, akazunguka akitoa mihadhara, akafia Berlin mwaka 1927.

Kuna kasoro moja katika kitabu chake, na lazima isemwe kwa sababu itaturudia. Mtoro anaeleza habari za watumwa kwa urefu: aina zao, heshima wanazotakiwa kutoa, kazi zao, ndoa zao. Anaeleza kama mtu aliyeketi barazani akiwatazama wakipita. Ukitafuta mtumwa mwenyewe alikuwa anasema nini akiwa peke yake na wenzake shambani, hupati. Utafiti wa kusimulia una mahali unaposimamia, na kutoka hapo kuna vyumba usivyoviona.

Sasa tuondoke kwenye vitabu vya Göttingen tuje Magomeni, Dar es Salaam.

Mama mmoja wa huko, mtu mzima, mjane wa siku nyingi, ana daftari la msiba wa mumewe. Ni daftari la shule la kawaida, mistari ya buluu, jalada limetoka. Kila msiba wa uswahilini una daftari kama hilo: kijana mwenye mwandiko mzuri huketishwa kwenye meza ndogo penye turubai, na kila anayeleta rambirambi hutajwa jina na kiasi. Kurasa za daftari hili zinasema mchele kilo mbili, sukari, mkaa gunia, shilingi mia tano, shilingi elfu moja. Mtu wa takwimu angelipenda. Lina majina, viwango, hata mpangilio wa siku, toka siku ya mazishi mpaka kuanua tanga. Angeweza kulitengenezea jedwali na kutuambia kaya ya wastani mtaani hapo ilichangia kiasi gani mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Lakini yeye halisomi hivyo. Nilipomwamkia na kukaa, aliliweka mapajani, akapitisha kidole kwenye jina moja.

"Huyu hapa kaandikwa elfu tano. Usidhani alikuwa na moyo wa elfu tano, mwanangu. Zile zilikuwa zangu, za upatu. Zamu yangu ilikuwa imefika. Kaja nazo mkononi, kakuta maiti ndani, kasimama pale mlangoni akaniambia, niandikishe rambirambi? Sasa mimi eda imenishika, uso umevimba, nikamwambia nini?"

"Ukakubali?"

"Nikanyamaza. Kijana akaandika."

Akageuza ukurasa. Huyu wa mchele kilo mbili mumewe alikuwa amepunguzwa kazi mwezi ule, nao walikuwa wanakula mlo mmoja. Hizo kilo mbili ni nyingi kuliko elfu kumi za mwenye duka. Huyu wa mkaa hakuleta mkaa, aliahidi. Ukaandikwa ili asiaibike mbele za watu, na haujaja mpaka leo. Hawa wawili waliofuatana walikuwa hawasemezani, na msiba ndio uliowakutanisha, ila ukitazama vizuri utaona mmoja alisubiri aone mwenzake katoa ngapi.

Ndani ya nusu saa nilikuwa nimepata yale yaliyoukuta mtaa ule wakati wa kupunguzwa kwa wafanyakazi: madeni yaliyojificha ndani ya zawadi, adabu iliyolazimisha uongo kuandikwa, na mizani ya heshima inayopima kilo mbili za mchele kuwa nzito kuliko fedha. Namba zote zilikuwemo daftarini tangu mwanzo. Maana yake ilikuwa kwa huyu mama, na hakuitoa kama orodha. Aliitoa kwa sauti za watu, kwa mlangoni na mkononi, kwa kunyamaza kwake mwenyewe. Ukimwuliza swali la hojaji, "Je, ulipokea msaada kutoka kwa majirani wakati wa msiba?", atajibu ndiyo, na atakuwa hajadanganya.

Muhammad Saleh Farsy aliielewa nguvu hii. Riwaya yake ya mwaka 1960, *Kurwa na Doto*, inahusu mapacha na mwanamume mmoja, lakini chini ya jina la kitabu aliongeza kwamba haya ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Wasomi wa fasihi wamekuwa wakiulizana kama kitabu hicho ni riwaya ya kweli au ni maelezo ya desturi yaliyovishwa hadithi, na wengine wamekidharau kwa sababu hiyo. Mimi nadhani Farsy alijua alichokuwa akikifanya. Alitaka kijiji kionekane kikitembea.

Unguja hiyohiyo, miongo mitatu nyuma, ilikuwa na mtafiti mwingine ambaye hakuandika kitu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert baadaye akamwandikia wasifu. Wengi tunamkumbuka kwa sauti. Waliomsikiliza katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, walimsikiliza pia kwa habari. Yeye na wenzake wa taarabu walikuwa wakiyachukua mambo yaliyotokea mitaani na mahakamani na kuyatia katika wimbo: mume anayepiga, mwenye fedha anayeponyoka na mnyonge anayefungwa. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuja Unguja, na muuaji aliyetoroka.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar, alizichukua nyimbo hizo na kuzipeleka kwa wazee wa Ng'ambo waliokumbuka enzi hizo. Waliposikia wimbo walianza kusimulia kesi yenyewe, nani alikuwa nani, mji ulikuwa unasemaje, hakimu alionekanaje machoni pa watu. Jalada la kesi lingempa hukumu. Wimbo na masimulizi ya wazee vilimpa namna watu wa kawaida walivyoihukumu ile hukumu. Na Siti hangeweza kuidanganya hadhira yake kirahisi, maana waliokaa mbele yake ndio waliokuwa majirani wa marehemu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa utafiti wa namna hii, nami ningependa kuukazia kwa mfano kutoka mbali kidogo na pwani.

Élisabethville, leo Lubumbashi, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya Katanga. Mji ulijengwa na watu waliotolewa kila upande, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya nyumbani, Kiswahili chao wenyewe, kisicho na haraka ya kuomba ruhusa kwa Unguja. Mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru, mtu aliyeitwa André Yav aliandika historia ya mji huo. Aliiandika kwa niaba ya watu waliokuwa wafanyakazi wa majumbani mwa wazungu, maboi na wapishi, waliotaka habari zao zisipotee. Aliipa jina la Kifaransa, *Vocabulaire de la ville d'Élisabethville*, ingawa msomaji anayetafuta kamusi ndani yake hataipata. Ni karatasi chache zilizopigwa mashine na kusambazwa mkono kwa mkono.

Boi anaijua nyumba ya bwana wake kuliko mgeni yeyote wa bwana huyo. Anajua kilicholiwa, kilichotupwa, kilichosemwa mezani, barua iliyofanya mabwana wagombane, na siku bwana alipoanza kuogopa. Kwa hiyo historia ya Yav inausimulia utawala wa Kibelgiji kutoka jikoni. Wakubwa wa kampuni na serikali wamo, lakini wamo kama mabwana wanaopika mambo nyuma ya mlango huku mtu amesimama na sinia. Mishahara imo, na posho, na dharau. Wamo wafalme wa Ubelgiji, na vita, na maelezo ya kwa nini mambo yalikuwa hivyo, ambayo mwanahistoria wa kumbukumbu za serikali angeyafuta kwa kalamu nyekundu. Asingekuwa na haki ya kuyafuta. Kama watu elfu wa jikoni waliamini kwamba bwana alifanya jambo fulani kwa sababu fulani, waliishi, walitii na walikimbia kwa mujibu wa sababu hiyo.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alipoishika nakala ya maandishi hayo alikumbana na kikwazo. Maneno yalikuwa yamegawanywa mahali pasipotarajiwa, mengine yameunganishwa, alama za kituo haba. Kwa jicho hayasomeki. Kilichomsaidia ni sikio: Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha Katanga, aliyasoma kwa sauti, na yaliposomwa kwa sauti yakajipanga, pumzi zikaonyesha sentensi zinapoishia. Yav alikuwa ameandika kama mtu anayezungumza na wenzake waliokaa naye, si kama karani anayemwandikia mkuu. Fabian alichapisha matokeo mwaka 1990, matini ya Yav, usomaji wa Mango, tafsiri na maelezo. Huwa natamani kila mhariri wa Kiswahili apewe kurasa mbili za Yav kabla hajaanza kusahihisha simulizi za watu kwa sarufi sanifu. Ukimnyoosha Yav unampoteza.

Fabian huyohuyo, miaka ya 1973 na 1974, alikaa na mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea historia ya nchi yake katika picha zinazozidi mia moja, na kila picha wakaizungumza kwa Kiswahili kinasa sauti kikiwa kinazunguka. Tshibumba hakukubali kuitwa mchoraji tu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria.

Mtu anaweza kuniuliza: na uongo je? Si watu husimulia mambo ambayo hayajatokea kabisa?

Husimulia, na ni vizuri. Waliokulia Afrika Mashariki wakati wa ukoloni walizijua hadithi za mumiani na wazimamoto, watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Nairobi walioshutumiwa ni wafanyakazi wa zimamoto; Kampala walikuwa polisi; kwingine watu wa hospitali, wachimba madini. Serikali ya Kiingereza ilizipuuza kama ujinga. Mwanahistoria Luise White akazikusanya kwa miaka, na kitabu chake cha mwaka 2000 hakijishughulishi na kuthibitisha kama damu ilinyonywa. Anauliza kwa nini hadithi inakaa mahali inapokaa. Kwa nini gari, tena gari jekundu? Kwa nini shimo? Kwa nini mwenye sare ni mtu wa kwetu anayelipwa mshahara kwa kazi ambayo hakuna anayeijua inafanywaje? Ukizifuata hadithi hizo kwa makini unapata ramani ya hofu za watu juu ya kazi za mshahara, za usiku na za siri, katika miji iliyokua upesi kuliko watu walivyoweza kuizoea. Mumiani hakuwepo, ila shimo lilikuwepo, na gari, na mtu aliyeajiriwa kukaa kimya.

Msikilizaji anayekimbilia kusema "huo ni uzushi" anaifungia mlango simulizi kabla haijamwambia kitu. Lakini pia kuna msikilizaji wa aina ya pili, anayekubali kila kitu kwa macho ya huruma kwa kuwa kimesemwa na mnyonge. Huyo naona ni mbaya zaidi. Anamfanya msimulizi kuwa mtoto.

Turudi kwenye ile kasoro ya Mtoro, ya kutazama kutoka barazani tu. Dawa yake ni kumtafuta msimulizi wa pili aliyesimama mahali pengine. Miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake wa Mombasa, na wakachagua watatu: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kati yao kuna asili ya utumwa na kuna asili ya uungwana. Wote watatu wanasimulia mji mmoja: ndoa na talaka, unyago, harusi, vyama vya lelemama kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilivyoshindana kwa nguo, kwa ng'ombe wa kuchinja na kwa maneno makali. Soma simulizi moja peke yake, utadhani umeujua mji. Soma ya pili, sakafu inatikisika. Jambo ambalo huyu analitaja kwa fahari, huyu analitaja kwa uchungu uliozungushiwa mzaha, na yule halitaji kabisa, na kutolitaja kwake kunaonyesha mengi.

Kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiswahili, *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Kwa watu wengi wa vyuo vikuu toleo la pili ni hisani tu, njia ya kusema asante. Mimi naona bila hilo utafiti ulikuwa haujafika mwisho. Toleo la Kiingereza linaweza kukosolewa na maprofesa. La Kiswahili linaweza kukosolewa na wajukuu wa wale waliotajwa, wanaojua bibi yao alivaa nini siku ile ya lelemama, na kama ng'ombe walikuwa watatu au mmoja.

Tanzania imewahi kuufanya kwa makusudi utaratibu huu wa kusimulia mbele ya wanaohusika. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa miongoni mwao, walikwenda kukaa vijijini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Malya mkoani Mwanza ikiwa moja ya vituo vyao. Hawakwenda na tamthilia iliyoandikwa. Wanakijiji walieleza yanayowasumbua, wakayageuza kuwa ngoma na michezo kwa mitindo yao, wakacheza mbele ya wenzao, kisha mjadala ukafuata palepale uwanjani. Mwaka 1996 njia hiyo ilipelekwa kwa wasichana wa shule za sekondari katika mradi ulioitwa Tuseme. Msichana ambaye asingethubutu kuandika kwenye karatasi kwamba kuna mwalimu anayemsumbua, aliweza kulicheza jambo hilo jukwaani akiwa na jina la kubuni, na wenzake mia wakacheka kile kicheko cha watu wanaomjua mhusika. Hicho kicheko ni data. Hakuna mtafiti angekipata kwa kugonga mlango wa bweni na fomu.

Tofauti ya kazi hii na maigizo ya kampeni, yale tunayoyaona kila penye mradi wenye fulana, ni nani anayeleta swali. Kwenye maigizo ya kampeni swali limeshaandikwa mjini pamoja na jibu lake, na wanakijiji wanapewa sehemu ya kuliimba. Yana kazi yake. Lakini hayagundui chochote, na hadhira hujua, ndiyo maana hupiga makofi kwa adabu na kuulizia soda.

Gharama ipo pia. Anayesimulia maisha ya kila siku anasimulia na ya watu wengine, ambao hawakuulizwa. Yule wa elfu tano daftarini ana watoto, na wako hai. Nimeacha jina lake, nimeacha na namba ya mtaa, na mwenye daftari mwenyewe aliniambia nisiliache neno "upatu" kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Tukakubaliana hivyo. Baadhi ya visa vyake sikuviweka hapa kabisa, na vingine ndivyo vilivyokuwa vizuri kuliko vyote.

Nilipokwisha kuandika nilirudi kumsomea. Alikuwa na shoga yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, amekuja kusuka ukili. Nikasoma mpaka kwenye zile elfu tano. Yule jirani akaweka ukili chini.

"Si za upatu zile."

"Zilikuwa nini?"

"Za upatu alishakuletea wiki moja nyuma, mumeo yuko wodini, ukazipeleka kwenye dawa. Nilikuwepo. Zile elfu tano za msibani alikopa."

"Alikopa kwa nani?"

"Kwangu."

Mwenye daftari akamtazama, akanitazama mimi, akalichukua daftari na kuanza kutafuta ukurasa, huku jirani akimhesabia kwa vidole siku za wodini, kuanzia ile Jumatano ya mvua. Mpaka naaga walikuwa bado hawajakubaliana hata hiyo Jumatano kama ilikuwa ya mvua, na jirani alikuwa ametuma mtoto akamwite wa tatu.